Niliuzwa Huku Nacheka

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Nitakupa kwa ufupi ili twende pamoja.

Naitwa Paulina Matonya, binti wa Gulwe, Mgogo wa baba na mama. Niliacha chuo hapa Dodoma nikiwa mwaka wa pili kwa sababu ya gemu la kwenye simu. Ndiyo, gemu. Cheka umalize. Baba aliuza ng'ombe wake ili nisome, na aliposikia nimeacha aliniambia nisikanyage nyumbani kwake mpaka nipate kazi.

Kazi ilikuwa imefika mlangoni. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilitaka wachezaji watano wa kulipwa mshahara, na hao watano wangetajwa na kapteni wa timu itakayoshinda fainali ya Jumamosi. Sisi wa Ipagala tulikuwa tumeingia fainali. Hapo ndipo nilipokuacha.

Kwanza ulijue gemu lenyewe, maana bila kulijua hutaelewa nilivyochinjwa.

Ni vita ya watano kwa watano. Kila mmoja ana simu yake na bunduki yake ndani ya simu. Lakini kila mchezaji ana pigo moja kubwa tunaloliita ulti. Ulti haiji hovyo. Inajaa polepole kadiri unavyopigana, kama ndoo chini ya bomba la mgao, na ikishajaa ni wewe tu unayejua utaimwaga lini. Ikiwakuta adui zako wamesongamana mahali pamoja, wanakwisha wote kwa mkupuo.

Kwa hiyo timu inayojua ulti ya mwenzake itakuja lini ndiyo inayoshinda. Na timu yetu ilijua, kwa sababu ilikuwa na mimi.

Bunduki siiwezi. Hata Ruthu, mwenzangu wa timu ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa ananishinda shabaha mara kumi. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumwangalia adui na kusema "inakuja" au "bado". Timu nyingine zina watu wanaohesabu sekunde. Mimi nilikuwa nasoma tabia.

Kuna mtu hafungui ulti mpaka aone watu wanamtazama. Kuna mwingine ukimuua rafiki yake tu, anafungua palepale kwa hasira hata kama mbele yake hakuna mtu. Waliokulia nyumba za maji ya mgao wanaibania mpaka mchezo unaisha wakiwa nayo. Waliokulia na simtanki uani wanaimwaga ikijaa tu. Nipe mtu nimwangalie raundi moja, nitakwambia kwao wanakulaje.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumsoma, na huyo nilikuwa nalala kifuani pake.

Gaudence alikuwa kapteni wetu na mpenzi wangu. Mhehe wa Iringa. Kwa wasiojua, Mgogo na Mhehe ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuja msibani kwenu, akavaa koti la marehemu na kuigiza alivyokuwa anakohoa, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye uliyekosa. Wao hutuita ombaomba, sisi huwaita wala mbwa.

Mimi na Gaudence tulianza kwa utani na tukaendelea kwa utani. Hata siku aliyoniomba namba ya simu alisema anaorodhesha watumwa waliomkimbia babu yake. Nilicheka, nikampa. Nilikuwa nampenda, na sioni haya kulisema hilo hata leo.

Ijumaa mchana tulikuwa kwa mama ntilie pale Ipagala, timu nzima, tunakula ugali wa uwele na mlenda. Gaudence akagonga meza.

"Jamani, nina tangazo. Huyu Mgogo wangu nimemuuza."

"Kwa nani?" Khalidi akauliza. Khalidi na mdogo wake ndio walikuwa washambuliaji wetu, na alikuwa ameshaanza kucheka kabla hajajibiwa.

"Kwa Optatus. Kesho mimi nahamia kwao. Dar naenda mimi, huyu anabaki hapa barabarani ananyoosha mkono. Si ndiyo kazi ya kwao?"

Optatus alikuwa kapteni wa timu ya Area D, wapinzani wetu wa fainali. Meza nzima ikaangua kicheko.

"Amekulipa nini?" nikamjibu. "Mbwa mnono? Maana nyama yenu naijua."

Hapo hata mama ntilie aliweka mwiko chini akashika kiuno. Gaudence akanipa mkono, tukagongana viganja. Nikaendelea kula.

Ruthu hakucheka. Alinifuata kwenye ndoo ya kunawia.

"Paulina, wiki iliyopita nilikwambia nimemwona ndani ya gari la Optatus."

"Na yeye akanieleza. Walikuwa wanapatana kanuni za fainali."

"Leo amekwambia kwa mdomo wake kwamba amekuuza."

"Ruthu, ule ni utani."

"Mimi nilikuwa namwangalia usoni. Alitaja jina, akataja siku, akataja na anakokwenda. Utani gani una mpango namna hiyo?"

"Wewe umekulia mjini, huna watani. Hujui mambo haya."

Akamaliza kunawa. "Haya," akasema. "Mimi sijui."

Jioni yake Gaudence alinisindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa mpole mno. Akanishika bega.

"Mpigie mzee umwambie kazi umepata."

"Hatujashinda bado."

"Kesho tunashinda, wewe mwenyewe unajua. Kwa nini mzee aendelee kulala na huzuni? Mpigie, mpe raha yake."

Nilipenda alivyomfikiria baba yangu. Nilipenda mpaka machozi yakanilenga. Nikapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepata kazi?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa ananipokea tangu niache chuo. Kila siku nilisema bado, naye akakata simu.

"Nimepata, baba."

Nikasikia mbuzi wanalia upande wake.

"Kazi gani?"

"Ya kampuni, baba. Mambo ya kompyuta."

"Mahali gani?"

"Kesho tupo Area D, kwenye ukumbi wa harusi karibu na kituo cha bajaji. Ndipo tunapokabidhiwa."

"Haya," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Haya. Mungu ni mkubwa."

Akakata. Nilibaki nimeshika simu nalia kwa furaha, na Gaudence akanifuta machozi kwa kidole gumba. Kidole hicho nakikumbuka vizuri kuliko uso wake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Meza mbili ndefu zilitazamana, sisi huku, wao kule, kila mtu na simu yake mkononi na spika masikioni. Nyuma yetu kulikuwa na skrini kubwa ili watu waone. Mbele kabisa alikaa bwana wa kampuni, kijana wa shati jeupe, rika langu tu, na kila alipokohoa watu watatu walimpelekea maji. Timu itakayotangulia kupata raundi tatu ndiyo inayokwenda Dar.

Raundi ya kwanza tuliwapiga vibaya. "Inakuja," nikasema, tukatawanyika, ulti ya kijana wao ikaangukia mahali patupu. "Bado," nikasema, tukaingia, tukawamaliza. Watu walianza kupiga kelele jina langu.

Ya pili tukapoteza. Ya tatu tukapoteza tena, na sababu alikuwa Optatus. Alikuwa na ulti mbaya kuliko zote, moto unaofunika chumba kizima, na alikuwa anaibania. Mtu akiibania namna ile, timu nzima inacheza kwa woga. Hatukuweza kuingia popote.

Kabla ya raundi ya nne Gaudence aliniinamia sikioni.

"Mtaje mama yake."

Nikashtuka. Hilo nililijua mimi na yeye tu. Optatus alikuwa anavaa vizuri, anaendesha gari la shemeji yake, na wenzake walidhani ni mtoto wa matajiri. Kumbe mama yake anatembeza togwa soko la Majengo, ndoo kichwani. Siku moja nilikuwa nanunua kwake, Optatus akapita, mama akamwita kwa jina, na yeye akageuza uso akaenda zake. Mama yule aliniambia, "Ni mwanangu, ana haraka." Nilimhadithia Gaudence kwa sababu iliniuma.

"Siwezi," nikasema.

"Akiaibika atafungua hovyo. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Mtaje."

"Gaudence, yule ni mama wa mtu."

"Na Gulwe kuna baba wa mtu anasubiri. Unataka kazi hutaki?"

Raundi ikaanza. Ulti ya Optatus ikajaa, nikaiona kwa alivyoanza kutembea polepole. Nikatoa spika sikioni nikapaza sauti mpaka watu wa nyuma wakasikia.

"Optatus, mama anakusalimia. Anasema leo togwa imebaki, upeleke gari Majengo ukambebee ndoo."

Ukumbi ukacheka. Mtu akarudia, wengine wakarudia. Uso wa Optatus ukaiva. Kidole chake kikabonyeza, na moto wote ukamwagikia ukuta ambao hakuna aliyesimama nyuma yake.

Tukaingia tukawamaliza. Mbili kwa mbili.

Nilishangilia. Niseme ukweli wangu, nilishangilia mpaka nikasimama juu ya kiti. Lakini nilipokaa nilimwona Optatus hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama Gaudence, na akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali jambo nisilolijua.

Raundi ya mwisho.

Nina kanuni moja ambayo haijawahi kunidanganya. Mtu aliyeaibishwa akamwaga ulti hovyo, safari ya pili haimwagi mapema. Anaogopa kuchekwa tena. Ataikumbatia mpaka mwisho kabisa. Kanuni hiyo sikuwahi kumwambia mtu yeyote ila Gaudence, siku moja tumelala, ananichezea nywele.

Ulti ya Optatus ikajaa. Wao walikuwa wamejibanza kwenye chumba kimoja chembamba, wamechoka, wawili kati yao damu imebaki kidogo.

"Hafungui," nikasema. "Ingieni wote."

"Una uhakika?" Ruthu akauliza.

"Hafungui. Ingieni."

Wakaingia. Khalidi, mdogo wake, Ruthu, na mimi nyuma yao.

Optatus akafungua.

Moto ulijaza skrini nzima. Khalidi akaanguka, mdogo wake akaanguka, Ruthu akaanguka. Mimi nilibaki na damu ya kubahatisha, nimejificha nyuma ya kabati. Gaudence hakuwa ameingia. Alikuwa amesimama nje ya mlango, mzima kabisa, na ulti yake imejaa. Ulti yake ilikuwa radi. Wapinzani walikuwa wamesongamana mbele yake, hata kipofu angewapata.

"Gaudence, fungua," nikasema.

"Bado."

"Watu wamekufa. Fungua."

"Bado, mtani."

Nikageuza uso kutoka kwenye simu nikamtazama yeye, mtu mwenyewe, aliyekaa kiti cha pembeni yangu. Hakuwa amegusa kioo. Mikono ilikuwa imelala mapajani, na simu imelala mezani. Hapo ndipo nilipomsoma kwa mara ya kwanza, nikajua ile ulti haitafunguliwa leo wala kesho kwa ajili yetu.

Optatus akaja nyuma ya kabati akanimaliza.

Ukumbi ukalipuka. Khalidi akavua spika akazitupa mezani.

"Wewe ndiye uliyesema hafungui."

"Khalidi, mtazame Gaudence, hakupiga hata..."

"Wewe ndiye uliyesema tuingie. Miezi yote hii tunakusikiliza wewe. Umetumaliza."

Nikajaribu kumwonyesha simu ya Gaudence, ulti imejaa mpaka mwisho. Gaudence akaizima akaitia mfukoni.

Bwana wa kampuni akapewa kipaza sauti. Akawapongeza Area D, kisha akamwita Optatus ataje majina matano ya kwenda Dar. Optatus akataja manne.

"Mwenzetu mmoja ni mtumishi wa serikali, hawezi kuacha kituo chake cha kazi. Nafasi yake anaingia Gaudence."

Gaudence akasimama. Akanyoosha shati. Alipotaka kuzunguka meza nikamshika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Si nilikwambia jana?"

"Jana ulikuwa unatania."

"Nilisema mbele ya watu wote. Nikataja jina, nikataja siku. Wewe ukaniuliza habari za mbwa." Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lenyewe ni lile la kila siku. "Niambie neno moja nililokuongopea jana mezani, mtani."

Sikulipata. Naapa nilitafuta, sikulipata.

Nikampiga kofi. Mshereheshaji wa ukumbi, ambaye kazi yake ni kuchangamsha watu, akadaka kipaza sauti. "Msiwe na wasiwasi jamani, hao ni watani. Mgogo na Mhehe. Waacheni wamalizane."

Watu wakacheka. Mimi nikaanza kulia, nao wakazidi kucheka, maana walidhani nami naigiza. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyopiga makofi. Kijana mmoja wa Area D akaja akaniwekea sarafu kiganjani, akanikunja vidole taratibu, akainama kama anavyoinamiwa ombaomba. Ukumbi ulitaka kubomoka kwa kicheko.

Nilimchukia kila aliyekuwa na meno mle ndani.

Ruthu peke yake alinishika kiunoni akanitoa mpaka pembeni, karibu na mlango. Hapo Optatus akanifuata. Nilidhani anakuja kunicheka zamu yake.

"Paulina, mimi nilikutaka wewe," akasema.

"Nini?"

"Nafasi ya tano. Sikuwa na haja ya Gaudence, wapigaji ninao. Nilikuwa nataka mtu wa kusoma ulti. Nilimwita Gaudence kwenye gari nikamwomba akufikishie."

Ruthu aliniangalia. Mimi sikuweza kumwangalia.

"Akasema nini?"

"Akasema baba yako hakuruhusu kwenda Dar. Kisha akasema hata ungeruhusiwa, wewe si mtu wa kukaa naye timu moja, huna utu. Akaniambia kwenye fainali ukibanwa utamtaja mama yangu hadharani."

"Yeye ndiye aliyeniambia nimtaje."

"Inawezekana." Sauti yake haikupanda. "Mimi nilimkatalia. Nikamwambia yule dada hununua togwa kwa mama, na mama anamsifu. Nikamwambia, asipomtaja, nafasi ni yake hata kama wakishindwa. Akimtaja, njoo wewe. Naye akanieleza mle mle garini kwamba unaamini aliyeaibishwa hafungui tena mapema, ndiyo maana nikafungua."

Nikakumbuka kile kichwa kilichoitikia.

"Optatus, nisamehe."

"Mama yangu kaja leo," akasema. "Nilichoka kumficha, nikamleta mwenyewe nimwonyeshe kwa wenzangu. Alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Ameondoka uliposema habari za ndoo."

Akageuka akaenda zake. Nilitaka dunia inimeze, na dunia ya Area D ni saruji tupu, haikufunguka.

"Twende nyumbani," Ruthu akasema. "Twende kabla hawajaanza tena."

Nikachukua mkoba. Tukageukia mlango, na mlangoni nikamwona baba.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia. Viatu vyake vilikuwa vimefutwa, ingawa vumbi la njiani lilikuwa limerudi. Mkononi alibeba kikapu, na ndani ya kikapu kulikuwa na jogoo aliyefungwa miguu. Nyuma yake dereva wa bajaji alikuwa ananyoosha kidole kumwonyesha kwamba hapa ndipo.

"Mbukwenyi," akawasalimia walinzi kwa Kigogo, wala hakujali kama wanakijua.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu niache chuo. Aliyatazama machozi yangu, akatikisa kichwa kwa upole.

"Usilie. Mimi nimekuja kushukuru tu, narudi leo leo. Nilisema siwezi kukaa nyumbani wakati mtoto wangu anakabidhiwa kazi."

Hapo Gaudence alikuwa ameshafika. Sijui alitokea wapi. Akapiga goti kidogo, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana wa wapi wewe?"

"Iringa, mzee. Mimi Mhehe."

Uso wa baba ukachanua. Sijawahi kumwona hivyo tangu utoto wangu.

"Mhehe? Paulina, shika hiki kikapu vizuri. Hawa wakikosa mbwa hawachagui."

Gaudence akacheka, baba akacheka, wakashikana mikono hawaachiani. Kisha Gaudence, bado ameshika mkono wa baba yangu, akamtazama machoni.

"Mzee, umepoteza nauli bure. Binti yako hana kazi. Ameshindwa leo mbele ya ukumbi mzima, na nafasi yake nimeichukua mimi."

Baba alicheka mpaka akaegemea mlango. Alicheka mpaka akatoa leso akafuta macho.

"Wahehe nyie," akasema. "Mnaongopa mpaka mnapendeza."

"Baba," nikasema, "anachosema ni kweli."

Akanitazama, akacheka upya.

"Na wewe ameshakufundisha."

"Baba, kweli. Sina kazi. Nilikudanganya jana kwenye simu."

"Hapana, hapana," akasema huku ananipigapiga begani. "Mnaniweza leo. Wawili kwa mzee mmoja. Nani alisema mtoto wangu hajui utani?"

Nikamgeukia Gaudence. "Mwambie," nikasema. "Nakuomba, mwambie bila kucheka."

"Nimeshamwambia," akajibu. "Mara ngapi?"

Ruthu akasogea mbele. "Mzee, samahani, mimi ni Ruthu, ninakaa na Paulina. Ni kweli anachokwambia."

Baba akamtikisia kidole Ruthu, amefurahi kabisa. "Watatu," akasema. Kisha akajifuta tena macho, akavuta koti likae sawa, akapokea kikapu kutoka mikononi mwangu. "Basi utani tumemaliza. Bosi yuko wapi?"

Nikasimama kati yake na viti.

"Yule pale, mzee," Gaudence akasema, akanyoosha mkono. "Mwenye shati jeupe."

Nikamshika baba mkono wa koti. Akautoa kwa upole, akaenda. Alipita katikati ya viti, katikati ya wale waliokuwa wamenicheka, anawaomba njia kwa heshima, nao wakampisha. Jogoo alikuwa anahangaika ndani ya kikapu. Baadhi ya watu wakaanza kutoa simu wapige picha.

Baba akafika mbele ya yule kijana wa rika langu. Akaweka kikapu chini, akavua kofia, mvi zake zote zikaonekana. Akainama.

"Shikamoo bosi."

Baba yangu mzazi alimwamkia mtoto. Na yule mtoto akaitikia, "Marahaba," huku anasoma simu yake.

"Mimi ni mzee Matonya wa Gulwe. Sina kitu kikubwa. Nimeleta huyu jogoo, kushukuru umemchukua binti yangu."

Kijana akainua macho. Akamtazama jogoo, akamtazama baba.

"Binti yupi, mzee?"

Baba akageuka kunionyesha, bado anatabasamu, na ukumbi mzima ukageuka pamoja naye.